Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya: mkituambia "HPV pozitivu", tuambieni na nambari

Kwa nyinyi wakubwa wa afya wa kaunti zetu za huku Nyanza na Magharibi, na nyinyi wa Nairobi mnaoamua karatasi ya majibu ya hospitali itaandikwa nini,

Hamjambo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nyalenda hapa Kisumu, na ni CHP, mmoja wa wale wahamasishaji wa afya ya jamii mliotupatia mkoba na simu tuzunguke nyumba karibu mia moja kila mtu. Naandika usiku nikitoka kwa nyumba moja kati ya hizo zangu na bado nina uchungu, kwa hivyo mkiona sentensi imekimbia mnivumilie tu, nikingoja roho ipoe najua sitaandika.

Kuna mama kwa eneo langu tumejuana miaka mingi. Mimi ndio nilimsukuma akapimwe mlango wa kizazi. Alikua anaogopa kulala kwa kitanda mtu amwangalie, nikamwambia sai kuna mahali unapewa kijiti chenye pamba, unaingia pembeni unajichukulia mwenyewe, unarudisha, umemaliza. Akaenda. Wiki tatu baadaye akaitwa akapewa karatasi. Ilikua na jina lake, umri, tarehe, na maneno mawili, HPV pozitivu, yaani amepatikana na virusi ambavyo aina zake zingine huleta kansa ya mlango wa kizazi. Basi. Aliyempatia alikua na watu wengi kwa laini, akamwambia "utarudi kliniki" bila kusema lini na kufanywa nini. Hospitali siitaji, juu hata nikiitaja mtamfokea yule sista mmoja aliyekua peke yake siku hio na shida haitakua imeguswa.

Karatasi akaiweka juu ya kabati, bwanake akaiona. Na hapa ndio naomba mnisikize vizuri. Huku kwetu ukimwi umezika watu wengi sana, Kisumu, Siaya na Homa Bay ndio zimekua juu kwa hesabu ya nchi miaka yote, kwa hivyo macho yetu yamezoea hizo herufi. Mtu akiona H, akaona V, akaona neno pozitivu, ile herufi ya katikati haioni kabisa. Mzee alisoma HIV. Usiku huo mama na mtoto wake wa mwisho walilala kwangu.

Asubuhi nikaenda nikaongea na mzee, nikamwambia hii sio HIV, ni HPV, ni kitu ingine tofauti. Akanyamaza akafikiria, halafu akauliza: "Sawa CHP, nimekubali sio ukimwi. Lakini ni ya kuambukizana kitandani, ama sio? Sasa yeye ameitoa wapi?" Nikakosa cha kumjibu. Nilisimama hapo na mkoba wangu wenye mashine ya presha na ya sukari na sikuwa na neno.

Kutoka hio siku nimeuliza kila mtu anayejua, sista mmoja amestaafu, kijana wa maabara, daktari mmoja alinipa saa nzima ya lanchi yake. Nataka niwaambie venye nimeelewa, sio eti hamjui, mnajua kuliko mimi, ni ndio muone hakuna kitu hapa ambacho mama wa Nyalenda hawezi kuelewa akielezwa.

HPV sio kitu kimoja. Ni ukoo, na ni ukoo mkubwa, aina zaidi ya 200 zimejulikana, na kila moja imepewa nambari kwa kufuata ilivyogunduliwa. Hio pekee inafaa kusemwa kwa sauti, juu mama mmoja ameniuliza kama aina ya 52 ni mbaya kushinda ya 16 kwa sababu nambari yake ni kubwa. La. Nambari haipimi ubaya, ni kama tu kuandikishwa kwa rejista, aliyefika mapema ana nambari ndogo. Aina nyingi ni za ngozi ya kawaida, zile chunjua watoto wa shule hupata mkononi na kwa unyayo ni za akina 1, 2 na 4, hazina habari na kizazi. Karibu 40 ndio hupenda sehemu za siri na mdomo na koo, na hata hizo hazifanani tabia.

Chukua 6 na 11. Hizo mbili ndio huleta karibu chunjua zote za sehemu za siri, kama tisa kwa kila kumi. Zinasumbua, zinatia aibu, lakini sio kansa na haziendi kua kansa, labda mara chache mno. Kuna kijana wa boda kwa eneo letu alizipata akaamua ni kansa, akajipaka maji ya betri azichome, na kidonda alichopata ndio kilimlaza hospitali, sio zile chunjua. Hizo hizo aina mbili saa zingine mtoto huzipata kwa mamake akizaliwa, zinamea kwa koo, sauti inakua ya kukwaruza na anapumua kwa shida, na watu wanaeza dhani ni pumu.

Halafu kuna kama 14 ambazo ndio za kansa. Kati ya hizo, 16 na 18 pekee zinabeba karibu 70 kwa kila 100 ya kansa za mlango wa kizazi duniani, na 16 peke yake ni kama nusu. Ukiongeza 31, 33, 45, 52 na 58 unafika karibu 90. Aina ya 16 haiishii hapo, ndio iko kwa kansa nyingi za njia ya haja kubwa na za koo zinazotokana na HPV, na hizo zinapata wanaume pia. Aina ya 18 na jamaa yake 45 hupenda zile seli za ndani zinazotoa ute, juu zaidi kwa mfereji, mahali ambapo hata ukipaka siki na kumulika na tochi, ile njia ya kliniki ya kutafuta madoa ya hatari, unaeza kosa kuona.

Daktari alinieleza tofauti inatoka wapi na nikaielewa mara moja. Kila seli ya mwili ina mlinzi anayeangalia isije ikazaana ovyo, na ina breki. Mlinzi anaitwa p53, breki inaitwa Rb. Virusi vya 16 na 18 vina protini mbili, E6 na E7, moja inamaliza mlinzi na ingine inaondoa breki. Aina za 6 na 11 ziko nazo pia hizo protini lakini zao zimelegea, hazishiki vizuri, ndio maana zinaishia kumea chunjua. Kitu imetofautiana namna hio, mbona tuipe jina moja kwa karatasi na kumtuma mtu nyumbani nalo?

Na jibu la yule mzee nilikuja kulipata. HPV inaingia kwa mkwaruzo mdogo hata usiousikia, inakaa chini kabisa ya ngozi, haiingii kwa damu, kwa hivyo kipimo cha damu hakiwezi kuionyesha. Inapita kwa ngozi kugusana, kondomu inapunguza lakini haizibi yote. Watu wengi sana wanaofanya mapenzi wataipata wakati fulani maishani, kama wanane kwa kila kumi, hata mwenye amekua na mtu mmoja tu. Mwili wenyewe huifukuza kwa walio wengi, kama tisa kwa kumi ndani ya miaka miwili. Lakini inaeza pia kukaa kimya miaka na miaka. Kwa hivyo mwanamke akipatikana nayo leo, inaeza kua ilikuja kabla hawajaoana, na inaeza kua ni mzee mwenyewe aliileta bila kujua, juu mwanaume mara nyingi haonyeshi dalili yoyote na hakuna kipimo cha kawaida cha kumpima. Karatasi ile haisemi nani alitoka nje. Haiwezi kusema. Nilimweleza hivyo, na alinyamaza muda mrefu sana, halafu akaenda kumchukua bibi yake kwangu. Lakini hizo zilikua siku nne za mama wa watu kulala kwa kiti, na kwa nyumba zingine hazingekua siku nne, zingekua ndoa imeisha ama mtu ameumizwa.

Sasa hii ndio imeniudhi zaidi. Nikaenda kuuliza mashine gani ilitumika, nikaambiwa ni GeneXpert, ile ile tunayoijua ya TB. Kijana wa maabara akanionyesha venye inafanya kazi na katriji ya HPV. Haisemi tu ipo ama haipo! Inatoa mafungu. Fungu la 16 peke yake, fungu la 18 na 45, fungu la 31, 33, 35, 52 na 58, halafu mafungu mawili ya zile zingine. Yaani mashine ilijua. Ilijua kabla karatasi haijaandikwa, na njiani kutoka kwa mashine kufika kwa mkono wa mama, hio habari ikaachwa. Tulipofuatilia tukapata yule mama hakua na 16, hakua na 18 wala 45, alikua kwa lile fungu la 31 na wenzake. Akapakwa siki, akaangaliwa, mlango wa kizazi ni safi, arudi baada ya mwaka. Hio ni habari ya kutisha? Ni habari ya mtu kuambiwa polepole akaenda nyumbani akapika.

Lakini msifikiri nalilia tu kutuliza watu. Neno hilo moja linatisha asiyefaa kutishwa, na linamlaza usingizi yule anayefaa kuamka. Wamama wanaongea. Yule wangu akishapona hofu aliwaambia wenzake pale soko la Kibuye kwamba HPV pozitivu sio kitu, inaisha yenyewe, hata mimi ninayo. Na wiki hii mwingine amenionyesha karatasi yake, maneno ni yale yale mawili, ya miezi saba iliyopita, hajarudi kliniki juu alisikia haina shida. Yake ni gani? Kama ni 16, miezi saba imepotea bure, na huyu anameza ARV. Mwanamke mwenye HIV yuko kwa hatari mara sita ya kupata kansa hii kuliko asiye nayo. Kwa mtu mwenye kinga nzuri safari kutoka virusi hadi kansa huchukua miaka 15 hadi 20, kwa kinga iliyoshuka bila dawa inaeza kua 5 hadi 10. Kwa mkoa wetu huu wenye HIV nyingi hivi, hio hesabu ingekua imebandikwa kwa kila mlango wa kliniki ya ARV.

Dada yangu mkubwa tulimzika 2017. Alianza na kutokwa na damu baada ya kukutana na bwanake, akaambiwa ni homoni, baadaye mgongo, baadaye mguu ukafura. Ilipojulikana ni kansa ya mlango wa kizazi ilikua imeshaenea, tukachanga, tukampeleka Nairobi kwa miale, alilala kwa mtu wa ukoo Kayole akingojea laini yake ifike. Hajawahi kupimwa HPV hata siku moja. Nambari yake hatutaijua. Na Kenya kila mwaka wanawake zaidi ya 5,000 wanapatikana na kansa hii na zaidi ya 3,000 wanakufa nayo, na ni kansa ambayo ukiipata mapema bado ni madoadoa tu inachomwa kwa dakika chache na mtu anatembea na miguu yake kwenda stendi. (Hilo neno kuchomwa pia litafutiwe lingine, linafukuza wamama kama moto wenyewe.)

Kuhusu chanjo. Ilianza nchi nzima Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10, halafu Machi 2020 shule zikafungwa sababu ya korona na wengi wakapotea hapo katikati. Wazazi hawakuelezwa aina. Waliambiwa "chanjo ya kansa", wakauliza mtoto wa miaka kumi ana kansa gani, na pengo likajazwa na uvumi kwamba inafunga kizazi. Mngesema tu wazi: kuna virusi vya ukoo huu, 16 na 18 ndio wauaji wakubwa, sindano inafundisha mwili wa mtoto kuwajua hao wawili kabla hajawahi kukutana nao, ndio maana inapewa mapema, na ndani yake hakuna kirusi kizima, ni ganda tupu. Chanjo zote za HPV zina 16 na 18, zingine zina 6 na 11 za chunjua, na iko ya aina tisa. Na mseme pia ukweli kwamba hata hio ya tisa haina 35, na 35 inapatikana kwa kansa za wanawake wa Afrika kuliko kwingine duniani, kwa hivyo msichana aliyechanjwa bado atafaa kupimwa akiwa mkubwa. Watu wetu wakielezwa ukweli pamoja na kasoro zake wanaamini zaidi, nimeliona hilo mlango kwa mlango.

Na iko kitu kinaniuma kama mtu wa Kisumu. Dunia ilipotaka kujua kama dozi moja ya hii chanjo inatosha, ilikuja kuuliza huku. Ule utafiti unaoitwa KEN SHE ulichukua wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 kutoka Kisumu, Thika na Nairobi, KEMRI, wale watafiti wa tiba wa serikali, wakiwemo, na majibu yalitoka 2022: baada ya miezi 18 dozi moja ilikua imezuia 16 na 18 kwa zaidi ya 97 kwa mia. Mwaka huo huo wa 2022, Desemba, Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja inaeza tumika. Wasichana wa huku ndio walitoa mikono yao, leo watoto wa nchi zingine wanadungwa mara moja badala ya mbili kwa sababu yao, na mama anayeuza omena Dunga hajawahi kusikia. Kwa nini hilo halisemwi kwa redio za huku, kwa Dholuo, kwa Kiswahili, kwa Kiluhya, kwa mkutano wa chifu? Mama akijua binti wa jirani alikua kwa huo utafiti na sai ana watoto wake wawili, huo uvumi wa kufunga kizazi utaishi wapi?

Mnajua kufanya hivi, sio eti hamjui. Utafiti wa kuangalia kama tohara inapunguza HIV kwa wanaume ulifanywa hapa hapa, wanaume 2,784, majibu yakatoka 2007, na mwaka uliofuata mkaanza kampeni ambayo hakuna mtu alidhani Wajaluo wataikubali. Wazee walikaa chini wakaongea, hema zikawekwa sokoni, vijana wakapanga laini, na kila mtu alijua sababu na asilimia. Tohara inapunguza HPV pia kwa mwanaume, ingawa haimalizi. Mliongea na wanaume wazi kuhusu kitu cha siri kushinda zote na wakaelewa. Ongeeni na wamama hivyo hivyo, na hao wanaume wawe hapo wakisikia.

Ninachoomba hakihitaji jengo. Karatasi ya majibu iandikwe fungu la aina, na chini yake mistari minne ya Kiswahili: hii sio HIV, hii sio kansa, haionyeshi nani aliambukiza nani, na rudi tarehe fulani ufanyiwe hiki. Hio tarehe iandikwe kwa kalamu, isiachwe wazi. Mwenye 16, ama 18 na 45, apigiwe simu, asingoje kukumbuka mwenyewe. Sisi CHP mtupatie mafunzo hata ya siku moja, mimi nilijifunza kwa lanchi ya mtu, na majirani zangu wa Manyatta na Obunga bado wanaulizwa maswali ambayo mimi nilishindwa nayo. Na tafadhali mtafute jina. Sijui litakua gani, nyinyi mna wataalamu wa lugha, lakini kitu kinachosomwa kama HIV kwa macho ya watu waliozika watoto wao kwa HIV kinahitaji jina lake chenyewe la Kiswahili.

Mmeahidi dunia kwamba kufika 2030 wasichana 90 kwa 100 wawe wamechanjwa, wanawake 70 kwa 100 wawe wamepimwa na kipimo kizuri, na 90 kwa 100 ya wenye shida watibiwe. Hao 70 ndio sisi mnatutuma kuwatafuta. Kila mwenye karatasi ile imemuumiza nyumbani anaambia wengine kumi wasiende, na hao kumi nawajua, nawapitia kila wiki, wananisalimia vizuri na wakiona nataka kuongea mambo ya kupimwa wanakumbuka wameacha sufuria kwa moto.

Yule wa karatasi ya miezi saba tumekubaliana twende Jumanne, mimi na yeye, saa mbili asubuhi tutakua kwa laini. Nitaulizia fungu lake. Naomba awepo mtu dirishani anayeruhusiwa kutujibu.

Wenu,
CHP wa Nyalenda, Kisumu